Kikapu cha Risiti



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo. Wiki hii tulikusudia kuendelea na mlango wa haki za mayatima tuliouanza toleo lililopita, lakini limetufika jambo ambalo hatukuona vema kulilaza. Mayatima watatuwia radhi kwa wiki moja.

Siku ya Jumatatu, baada ya sala ya Alasiri, alitujia mama mmoja wa hapa Majengo, Pumwani. Ni mjane. Riziki yake ni mahamri na mbaazi, ambazo huziuza alfajiri kwa wale wanaoteremka kwenda Gikomba. Alikuwa amebeba kikapu cha ukindu kilichofunikwa kwa kipande cha leso, nasi, Allah atusamehe, tukadhani ametuletea futari ya siku ile, kwani tulikuwa tumefunga sunna. Alipofunua, ndani mlikuwa na karatasi tupu.

"Maalim, nisomee hizi," akasema. "Nataka nijue nimeshatoa ngapi, na nijue kama bado kuna ya kutoa."

Tukazitandaza mkekani. Mlikuwa na risiti za duka la dawa la Eastleigh, risiti za vipimo, na bili ya hospitali moja ya binafsi ambako mwanawe alilazwa siku tisa na asiruhusiwe kutoka mpaka fedha zilipotimia. Mlikuwa pia na karatasi iliyochanwa kutoka daftari la shule, imeandikwa kwa penseli, ya yale malipo yasiyo na risiti: teksi ya usiku, mbuzi mweusi, mafuta ya kusomewa, nauli ya kumfuata mtaalamu mmoja mbali na Nairobi. Tulijumlisha mara mbili. Ilikuwa shilingi 187,400. Cherehani imekwenda, bangili za dhahabu alizoachiwa na mamake zimekwenda, na kitanda alichokuwa akilala mgonjwa mwenyewe nacho kimekwenda.

Mgonjwa ni kijana wa miaka 23. Alikuwa akisomea ufundi wa umeme. Mambo yalianza kwa kukosa usingizi, kisha akawa hali chakula kilichopikwa na mtu mwingine, kisha akaanza kujibu sauti ambazo hakuna mwengine aliyezisikia, akawatuhumu majirani kuwa wanamtilia kitu katika maji. Mtaa ukasema amechezewa. Wengine wakasema ni miraa, na kweli alikuwa akitafuna, na madaktari hutuambia miraa na bangi humzidishia mtu mwenye maradhi ya namna hii. Lakini vijana wangapi wa Eastlands wanatafuna na hawajaisikia sauti hata moja?

Sasa tunafika mahali pazito kwetu kupaandika. Katika ile karatasi ya penseli, mstari wa tatu, tulikuta jina letu. Hapakuwa na kiasi cha fedha mbele yake, ila maneno mawili: "visomo, Maalim". Tukakumbuka. Mama huyu alitujia zamani, mwanzoni kabisa, nasi tukamsomea kijana ruqya, tukampa mamake maji ya kusomewa, tukamwambia astahimili na asome Suratul Baqara nyumbani. Hatukumuuliza kama amempeleka kwa daktari. Alipotuuliza yeye, tulimjibu kuwa hospitali haziyajui maradhi haya. Alitii. Akangoja miezi saba. Hatukuchukua shilingi yake hata moja, lakini miezi ile saba tuliichukua, na mwenye kuyajua maradhi ya akili atakuambia kuwa miezi ya mwanzo ndiyo yenye thamani kuliko yote.

Tumemwomba radhi mama huyu, naye ametusamehe upesi kuliko tulivyostahili. Twaandika hapa ili msomaji ajue kwamba anayezungumza naye si mtu aliyesimama pembeni.

Ruqya ni haki na haina mgongano na tiba. Mtume (S.A.W.) alisoma na akasomewa, na yeye huyo huyo aliwahimiza waja wa Allah wajitibu, akatufundisha kwamba hakuna maradhi yaliyoteremshwa ila yameteremshiwa na dawa yake. Waliotutangulia hawakuona tabu katika jambo hili. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki katika karne ya nne ya Hijria, aliandika kitabu kizima juu ya siha ya miili na siha ya nafsi, akieleza hofu, huzuni, hasira na wasiwasi kuwa ni maradhi yanayotibika kama yanavyotibika ya mwili. Na mjini Cairo, mwaka 1284, Sultani Qalawun alijenga hospitali ambayo ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili, ikatibu tajiri na maskini, mwanamume na mwanamke. Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliiona miaka michache kabla ya kuja kwetu akaisifu sana.

Tumeitaja hospitali ile kwa sababu moja tu. Ni nani aliyelipa? Hakulipa mgonjwa, wala hakulipa mama wa mgonjwa. Ililipa wakfu: maduka, mahamamu na mashamba yaliyofungwa kwa ajili hiyo, mapato yake yakinunua dawa na kulipa matabibu. Wazee wetu walifahamu kwamba maradhi ya akili ni ya muda mrefu, na kwamba mtu mmoja, hata awe na bangili ngapi, hawezi kuyalipia peke yake.

Turudi Nairobi. Hospitali ya Mathari, iliyo kando ya barabara ya Thika, si mbali na kwetu. Mtu mwenye miguu mizima huifikia kutoka Majengo kwa kupitia Pangani. Ilianza mwaka 1910, wakati wa ukoloni, ikaitwa kwa jina la kuwatenga vichaa, na jina hilo la aibu likakaa katika vinywa vya watu hata baada ya kubadilishwa. Hadi leo kijana akitaka kumtukana mwenziwe humwambia arudi Mathari. Hospitali hiyo moja imekuwa ikibeba mzigo wa taifa zima kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 2017 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alichunguza huduma za afya ya akili nchini, akakuta kwamba sehemu ya fedha za afya iliyokuwa ikifikia huduma hizi ni asilimia 0.01. Yaani katika kila shilingi 10,000 za afya, akili ilipata shilingi moja. Baadaye serikali iliunda jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga, na ripoti yake ya mwaka 2020 ilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la dharura la kitaifa. Kwa hiyo msomaji asidhani mama wa mahamri aliuza cherehani kwa ujinga wake. Aliuza kwa sababu mahali ambapo palipasa kuwa na mfuko hapakuwa na kitu.

Je, sasa pana kitu? Pana, ingawa si kingi, na wengi wetu hatujakifuata.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 ile bima ya zamani ya NHIF imeondoka, na mahali pake imekuja Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo watu wote wanaiita SHA. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2023. Mahakama Kuu iliibatilisha sheria hiyo Julai 2024, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na katikati ya mvutano watu wengi walikata tamaa wakaacha kufuatilia. Tunawaelewa. Lakini ukikaa kando kungoja wakubwa wamalize kesi zao, maradhi hayakungojei.

Mifuko iko mitatu, na ni vizuri mama wa nyumba aitambue. Wa kwanza ni wa huduma za msingi, nao hulipwa na serikali. Kwa mfuko huu, mtu aliyejiandikisha, hata kama hajalipa mchango, hutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya kiwango cha 2 na cha 3. Wa pili ndio bima yenyewe, SHIF, ambao unalipia huduma za hospitali kubwa zaidi, na huu unataka uwe umelipa mchango. Katika orodha ya huduma zake afya ya akili imetajwa, na matibabu ya uraibu vilevile. Wa tatu ni wa dharura na maradhi sugu, unaokusudiwa kushika pale ule wa pili unapoishia.

Mchango ni kiasi gani? Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiyeajiriwa, kama mama yetu, huulizwa maswali juu ya nyumba anayoishi, maji, kuni au gesi, mifugo na watoto, kisha mtambo hukadiria uwezo wake, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Ugumu uko hapa: asiyeajiriwa hutakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mara moja. Kwa kiwango cha chini hiyo ni shilingi 3,600. Kwa mtu anayehesabu faida yake kwa mahamri, shilingi 3,600 kwa siku moja ni mlima. Tumesikia pia malalamiko kwamba mtambo humkadiria mtu juu kuliko hali yake, na tunaona malalamiko hayo yana haki. Mtambo haujui kwamba ile televisheni ni ya marehemu na haiwaki. Mwenye kukadiriwa visivyo ana haki ya kurudi kudai akadiriwe upya, wala asione haya.

Upo mpango wa kulipa kidogo kidogo, nao umepewa jina la Lipa SHA Pole Pole. Kabla ya kuingia, ndugu Muislamu, uliza swali moja: je, ni akiba yangu naiweka mpaka itimie, au ni mkopo wenye nyongeza? Kama ni akiba, bismillahi. Kama kuna nyongeza, basi tafuta njia nyingine, na tutaitaja njia hiyo hapa chini.

Tukizitazama tena zile risiti, shilingi 3,600 ni chini ya alizolipa mama huyu kwa usiku mmoja wa kitanda na dawa zake. Kijana alikuwa na kitambulisho, lakini hakuwa ameandikishwa popote, kwa jina lake wala kwa la mamake. Mama alidhani yumo katika kadi ya zamani ya NHIF ya marehemu babake. Kadi ile ilikuwa imekufa pamoja na mwenyewe. Kwa hiyo, wasomaji wetu, msidhani. Kila aliyemo nyumbani aulizwe: umeandikishwa? Kwa jina la nani? Mume akimwandikisha mke, aonyeshe. Kijana aliyefikisha umri wa kitambulisho, msimhesabu kuwa yumo kwa babake mpaka mmeuliza na kujibiwa. Kujiandikisha kwenyewe ni bure, hufanyika kwa simu kwa kubonyeza *147#, au kupitia wale wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba, ambao serikali iliwatuma mwaka 2023 wakiwa kiasi cha laki moja nchi nzima. Mkimwona binti wa watu mlangoni na begi lake na simu yake, msimfukuze mkidhani anauza sabuni.

Hapo ndipo baadhi ya wasomaji, na hasa wazee wenzetu, watauliza: lakini bima si haramu? Ni swali la heshima na linastahili jibu la heshima. Ni kweli kwamba wanavyuoni wengi wameikataa bima ya biashara kwa sababu ya gharar na kamari iliyomo ndani yake. Jopo la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Jeddah mwaka 1985 lilitoa uamuzi huo. Lakini jopo lilo hilo, katika uamuzi uo huo, lilisema kuwa bima ya ushirikiano, ambayo watu huchangiana ili kusaidiana na si kampuni kuvuna faida, ni halali. Mfuko wa umma ambao kila mmoja hutoa kwa uwezo wake na mgonjwa huchukua kwa haja yake, na sheria ikamlazimisha kila mkaazi wa nchi kuuchangia, kwa fahamu yetu uko karibu zaidi na huo wa pili. Kama unaendeshwa kwa uaminifu ni suala jingine, na viongozi wake wataulizwa na Mola wao na na wananchi. Lakini kumwacha mgonjwa bila matibabu kwa kuikimbia shubha, kisha ukakopa kwa riba ili umtoe wodini, huko si kujihadhari na dini. Wallahu aalam.

Tusiwafiche upungufu. Si kila hospitali iliyosajiliwa na SHA hutoa huduma ya akili. Malipo ya mfuko yana kikomo chake kwa kaya kwa mwaka, na kulazwa kwa maradhi haya huweza kuwa kwa majuma mengi. Dawa nazo, hata mahali ambapo kumuona daktari kumelipiwa, mara kwa mara huwa hazipo dirishani na mgonjwa hupewa karatasi akanunue nje. Basi kabla mgonjwa hajapewa kitanda, mtu mmoja wa nyumbani mwenye utulivu asimame kwenye dirisha la hesabu na kuuliza: huduma hii ya akili mnayo katika SHA? Inalipa siku ngapi? Dawa zimo au hazimo? Majibu ayaandike. Mama yetu hakuuliza, kwa sababu usiku ule alikuwa amemshika mwanawe mikono miwili, na aliyekuwa na utulivu wa kuuliza, yaani sisi, hakuitwa kwa kuwa alikwisha sema hospitali haziyajui maradhi haya.

Liko na la kampuni za bima za binafsi. Ndugu yetu mmoja wa Buruburu, mwenye ajira nzuri, alimpeleka mkewe kwa daktari wa akili akiwa na kadi ya kazini, na kadi ikakataliwa dirishani. Akaambiwa kwamba maradhi ya akili hayamo. Akalipa mfukoni akanyamaza, kwa sababu kubishana kungemlazimu aseme kwa sauti mkewe anaumwa nini. Hatumlaumu kwa kuhifadhi sitara ya mkewe. Lakini ajue, na wengine wajue, kwamba Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya tangu mwaka 1989 ilizikataza kampuni za bima zinazolipia maradhi kuyatenga maradhi ya akili, na marekebisho ya mwaka 2022 yameitaja wazi haki ya mgonjwa wa akili kupata bima ya matibabu bila kubaguliwa. Mwenye kadi aombe jibu hilo la kukataliwa kwa maandishi. Tumeona mara nyingi kwamba neno lililosemwa kwa ujasiri dirishani huwa jepesi likitakiwa kwa karatasi. Jibu hilo alipeleke kwa ofisi ya waajiri wake, au kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima, na hakuna haja ya kutangaza habari za mkewe barazani.

Tumemtaja mke, basi tuseme neno na dada zetu. Katika mitaa yetu mwanamke akijifungua hupewa uji, mchuzi wa kuku na siku zake arobaini, na hayo ni mazuri. Lakini akilia bila sababu, akamkataa mtoto, asilale hata mtoto akilala, husemwa kwamba ana kiburi cha uzazi, au ana jini, au hamshukuru Mola wake. Wengi wao wanaumwa. Ni maradhi yanayojulikana na yanayotibika, na mengine ni ya hatari kwa mama na kwa mtoto. Na uzuri wake ni kwamba mama huyu tayari anakwenda kliniki kwa chanjo ya mtoto, kwenye kile kile kituo cha kiwango cha 2 au cha 3 ambacho kutibiwa ni bure kwa aliyejiandikisha. Basi siku ya chanjo amwambie muuguzi: silali, na nina mawazo yanayonitisha. Mama mkwe aliyefuatana naye asimkatize. Tunawaandikia akina mama wakwe kwa mapenzi, kwani nasi tunao nyumbani.

Na lipo lililo zito zaidi. Kuna familia ambazo mgonjwa wao alijaribu kuitoa roho yake, wakamfikisha hospitali wakasema ameteleza bafuni au amekunywa dawa ya mende kwa makosa. Walihofia polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilikuwa kikiliita tendo hilo kosa. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitamka kuwa kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Kwa hiyo mwambieni daktari ukweli, maana akitibu utelezi wa bafuni, mgonjwa atarudi nyumbani na maradhi yake yale yale. Wapo pia wanaohofia hukumu ya dini kuliko ya polisi. Hao tunawakumbusha kwamba katika wale watatu ambao kalamu imeinuliwa juu yao, yumo aliyeondokewa na akili mpaka apone. Na mwenye kusoma haya akiwa yeye ndiye mwenye mawazo hayo, tunamwomba asilale nayo usiku huu peke yake. Amwambie mtu mmoja, na waende pamoja hospitali iliyo karibu. Mlango wa dharura haufungwi.

Tuliahidi njia ya wasioweza ile shilingi 3,600. Kwanza, serikali ilitangaza mwaka 2025 mpango wa kuwalipia michango wasiojiweza. Majina hupitia kwa wahudumu wa afya na ofisi za machifu, na kama tunavyoijua nchi yetu, jina lisilofuatiliwa hukaa katika faili. Fuatilieni. Pili, mgonjwa wa akili wa muda mrefu huhesabiwa na Katiba yetu miongoni mwa watu wenye ulemavu, na anaweza kuandikishwa katika Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Wazazi wengi hulikimbia neno hilo, ulemavu, kana kwamba ni laana. Ni mlango wa haki tu.

Tatu ni sisi wenyewe. Hapa Eastlands hakuna mama asiye na chama. Tunavijua vyama vya sahani, vya leso, vya sufuria za harusi, na kimoja cha Kaloleni ambacho kwa miaka mingi wanachama wake wamenunuliana mazulia. Hatuna ugomvi na mazulia. Lakini chama cha wanawake kumi na wawili kinaweza kila mwezi kumlipia mwenzao mmoja mchango wa mwaka mzima kwa kutoa shilingi 300 kila mmoja, na mwaka ukiisha wote kumi na wawili wamelipiwa, bila mkopo wala nyongeza.

Na zaka. Tumeulizwa kama inafaa kumlipia maskini mchango wa SHA kutoka katika zaka. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, zaka ya maskini sharti amilikishwe mwenyewe. Haifai tajiri kuielekeza kwenye ofisi halafu maskini akaambiwa tu kwamba amelipiwa. Basi mpe mama fedha mkononi mwake, ziwe zake, kisha alipe mwenyewe, au akupe idhini umlipie kwa simu yako ikiwa yake imezimika. Na aliyekwisha kuingia katika deni la kumtibu mgonjwa wake, huyo ana fungu lake jingine, fungu la wenye madeni, na wala hatakiwi kwanza auze kitanda ndipo tumwone kuwa anastahiki. Kamati za misikiti yetu huchanga upesi sana kwa maiti. Katika miaka yetu yote ya kukaa Pumwani hatujaona jeneza lililokosa sanda kwa saa moja. Kwa mgonjwa wa akili aliyezuiliwa wodini tumeona sahani ikipita mara mbili na kurudi na sarafu, kwa sababu kila mmoja anauliza moyoni: kwani huyu si mvuta bangi tu?

Siku ya Jumanne tulifuatana na mama na mwanawe. Tulianza kwa muhudumu wa afya wa mtaa, binti mpole aliyewaandikisha wote wawili akiwa amesimama mlangoni, akaandika kuwa nyumba ni ya chumba kimoja na maji ni ya kununua kwa mtungi. Mtambo uliwakadiria kwa kiwango cha chini kabisa. Fedha alitoa mzee mmoja wa msikitini kutoka zaka yake, akamkabidhi mama mkononi, naye akalipa. Kisha tukaenda kliniki ya akili ya hospitali ya umma. Tulikaa kwenye benchi kutoka saa mbili asubuhi mpaka baada ya Adhuhuri, na kijana alitoka nje mara tatu akitaka kwenda zake, na mara tatu mamake akamrudisha kwa kumkumbusha kwamba amemwekea mahamri. Daktari alimsikiliza kwa utulivu. Dawa mbili zilikuwepo, ya tatu hapakuwa nayo; tuliinunua nje kwa shilingi 650.

Tulimwomba daktari ruhusa ya kuendelea kumsomea kijana ruqya. Akacheka kidogo, akasema asomewe kila siku, mradi vidonge navyo avimeze kila siku. Kliniki ijayo ni baada ya wiki mbili. Risiti ile ya 650 tumeiweka sisi, haikuingia katika kikapu.

Meza ya kujiandikisha itakuwa nje ya msikiti wetu Ijumaa hii na Ijumaa ijayo, baada ya sala, upande wa wanawake na upande wa wanaume. Njooni na vitambulisho, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.